Kadi ya Kipindi cha Kumi na Nne

Tangu asubuhi Céline alikuwa amejiapiza kwamba hatakwenda. Mtu aliyekuharibia arusi mbele ya ua mzima humfuati kwake. Unamngoja aje mwenyewe kuomba radhi. Lakini ilipofika saa nane mchana alikuwa amekwisha kuvaa kitenge chake cha maua ya njano, amepaka mafuta midomoni, na anaruka madimbwi ya mtaa wa Ruashi akiwa na kaye yake ya kumi na moja, daftari la shule, kwapani. Moyo ndivyo ulivyo. Hutusikiliza kwa adabu mpaka tumalize, kisha hufanya unalotaka wenyewe.

Arusi yenyewe ilikuwa ya kwenye karatasi. Kwa miaka minane Lubumbashi ilikuwa ikisikiliza mchezo wa redio ulioitwa Nyumba ya Mama Sabina, kila Jumapili saa kumi, na kuna mapadri waliofupisha mahubiri ili watu wawahi nyumbani. Mwezi wa sita mchezo ulikatika. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, Salumu anayempenda amefungua mdomo kumwambia neno, na neno lile halikuja tena. Waigizaji walikuwa wametawanyika, kila mmoja kwao. Watu wakangoja Jumapili baada ya Jumapili. Mwezi wa kumi ukaja uporaji: siku mbili mji ulivunjwa, milango na vitanda vikapita barabarani vichwani mwa watu, na redio nayo ikanyamaza kabisa. Lubumbashi ikabaki bila sabuni, bila chumvi, na bila Zuhura.

Bila Zuhura Céline hakuweza kuishi, basi tangu mwezi ule wa sita alikuwa akimwandika mwenyewe. Alikuwa binti wa Papa Kambale, mfanyabiashara wa jumla, Mnande kutoka Butembo kule Kivu, na ghalani kwa baba yake kulikuwa na kaye za shule ambazo panya walikuwa wamezitafuna pembeni. Akachukua ya kwanza, akaendeleza hadithi pale ilipokatikia. Rafiki yake Dorcelle akaiazima, akaipitisha kwa mama yake, mama akaipeleka kwa jirani, na katika majuma mawili kaye ikawa inasomwa kwa sauti nyuani, watu wamekaa juu ya ndoo. Kufika mwezi wa kumi na moja alikuwa amejaza kumi na moja.

Na kila kaye ilirudi na kijikaratasi ndani, kimeandikwa kwa kalamu ya risasi, bila jina. Cha kwanza kilisema: "Kipindi cha 52, kidole cha Zuhura kilichokatika ni cha mkono wa kushoto. Lakini machozi yake umeyaandika vizuri." Cha nne kilisema: "Kutoka hapa mpaka Pweto wakati wa mvua ni siku nne kwa lori, si jioni moja. Mfungie Salumu chakula cha njiani." Céline alicheka mpaka mama yake akachungulia dirishani. Akaanza kujibu, akiacha barua yake katikati ya kaye iliyofuata, na akaanza kuandika vizuri zaidi kwa sababu alijua kuna mtu mmoja anayesoma kila neno. Alimfikiria kuwa mwalimu mstaafu, mjane, mwenye miwani ya kioo kinene. Akampenda hivyo hivyo na miwani yake. Usiniulize mtu hupendaje kijikaratasi. Wako waliopenda vitu vibaya zaidi.

Kaye ya kumi na moja ndiyo iliyoleta balaa. Humo alimuoza Zuhura kwa Salumu, arusi ya kurasa kumi na nane, ngoma mbili na kuku wasiohesabika. Ilisomwa uani kwa Mama Mariam, ambako akina mama Waislamu wa asili ya Maniema walizoea kukutana. Msomaji alipofika mahali bwana arusi anashika mkono wa bibi arusi, Mama Mariam alivuta mtandio, akasema Mungu atusamehe, akainuka. Wote wakainuka naye. Céline, aliyekuwa amekaa nyuma akingoja kusifiwa, alibaki peke yake na ndoo kumi na mbili.

Kijikaratasi kilikuja siku ya pili: "Hawa hawawezi kuoana. Wamenyonya ziwa moja. Kipindi cha 14. Ukitaka ushahidi, njoo kwa fundi redio, nyuma ya soko."

Hasira ilimkaba. Lakini hasira haikuwa sababu ya kitenge cha njano. Sababu ilikuwa ndege. Ghala la baba yake lilikuwa limefagiliwa wakati wa uporaji, mpaka mizani ikang'olewa, na Papa Kambale alikuwa ameamua: Jumamosi familia nzima inapanda ndege pale Luano, inarudi Kivu, basi. Leo ilikuwa Alhamisi. Kama hangemwona leo yule mtu wa kalamu ya risasi, hangemwona tena maishani.

Kibanda cha fundi kilikuwa kidogo na kilijaa redio. Zilipangwa kutoka sakafuni hadi darini, zimepona zote, hazina sauti ya kutoa. Kila moja ilikuwa imebandikwa karatasi: "Ilikohoa. Sasa nzima." "Ya Papa Edouard. Asiipigepige." Céline aliutambua mwandiko kabla hajamwona mtu. Kisha kijana aliyekuwa ameinamia waya akanyanyua kichwa. Alikuwa Shafi, mtoto wa Mama Mariam, yule yule aliyekuwa akitengeneza redio ya Papa Kambale na kuirudisha mpaka mlangoni. Mara nyingi Céline alikuwa amempokea, akamwambia asante, akafunga mlango.

"Ni weye," Céline alisema. "Njo weye wa ile crayon, ya bikaratasi."

"Ndiyo, njo miye."

"Nilizania uko muzee."

Shafi alifikiri kidogo. "Ningojee," alisema. "Nitazeeka."

Hakucheka aliposema hivyo, na hilo ndilo lililomchanganya Céline. Alitupa kaye mezani, akamwambia aliyokuja kumwambia: kwamba amemtia haya mbele ya watu, kwamba miaka minane mji mzima unawangoja vijana wale waoane, na yeye kwa kijikaratasi kimoja amefunga mlango. Shafi alimwacha amalize. Akamwambia polepole kwamba kwao watoto walionyonya ziwa la mama mmoja ni kaka na dada, na kuwaoza ni aibu kubwa kuliko kuwaua. Mama yake Zuhura alipata homa ya uzazi, na mama yake Salumu ndiye aliyemnyonyesha mtoto. Jambo lilisemwa mara moja tu, mwaka wa kwanza, katikati ya kelele za soko.

"Bakristo mulisikia tu kama mama moya anasaidia mwenzake," alisema. "Haiko kosa yako. Kwetu kila mwanamuke alishika kifua."

"Na weye unakumbuka namna gani? Ni miaka munane."

"Sikumbukake. Naandikaka."

Akasogeza redio tatu, akavuta sanduku refu la mbao. Akalifungua.

Céline alidhani ataona daftari. Aliona kadi, mamia kwa mamia, zimekatwa kutoka maboksi ya betri, zote za kimo kimoja, zimesimama wima kama waumini katika safu. Kila kipindi kilikuwa na kadi yake, mia nne na kumi na viwili: mbele muhtasari, nyuma maneno yenyewe jinsi yalivyotamkwa. Shafi alikuwa ameanza akiwa na miaka kumi na minane, mwanafunzi wa ufundi, mkono mmoja kwenye waya na mwingine kwenye kalamu. Nyuma ya vipindi walisimama watu. Kila mhusika alikuwa na kadi: alizaliwa wapi, anaogopa nini, anakula nini, ana kovu gani, anasemaje akikasirika. Mama Sabina, ilisema kadi yake, huita kila mtu mtoto wangu isipokuwa watoto wake. Céline alisoma hilo, akatambua kuwa ni kweli, na kwamba hakuwahi kulijua.

Aliendelea kufungua. Kulikuwa na ramani ya mtaa, nyumba thelathini na moja, kisima, njia ya mkato ambayo Salumu aliipita alipokimbia askari. Kulikuwa na ukoo mzima umechorwa nyuma ya mfuko wa saruji, matawi yakipishana kwa vizazi vinne. Kulikuwa na kalenda ya miaka minane yenye Pasaka, Ramadhani na siku mvua iliponyesha mchezoni. Kisha mambo ambayo mtu hawezi kuyajua akiwa amekaa: muuguzi hushikaje sindano, ndugu wa marehemu hukaa upande gani, Wanande huwaita nini watoto wao kwa kufuata kuzaliwa. Chini ya kila jambo palikuwa na jina la aliyeulizwa. Akakuta ile ya njia ya Pweto. "Siku nne. Aliyesema: dereva Mulenga, wa lori la Papa Kambale."

Dereva wa nyumbani kwao. Mtu huyu alikwenda akamtafuta Mulenga, akamuuliza habari za matope na vivuko, ili msichana aliyekuwa akimfungia mlango asikosee katika hadithi. Céline aliona macho yanamjaa. Alikuwa ameingia makanisa makubwa maishani mwake na hakuwahi kujisikia mdogo namna hii, wala kufurahi namna hii kwa kujisikia mdogo. Watu wa mji ule walikuwa wamebeba milango ya wenzao vichwani, na huku nyuma ya soko mtu mmoja alikuwa amehifadhi kila pumzi ya watu ambao hawakuwahi kuwako.

"Nani alikutuma kufanya yote haya?" aliuliza, na sauti ilitoka ndogo.

"Hakuna. Niliogopa bitapotea."

"Na kama hausikie vizuri kintu? Unazania tu?"

Shafi alitikisa kichwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake pekee, akasema. "Kintu chenye sikusikia na masikio yangu, ao muntu mwenye anajua hakuniambia, siandikake. Kuzania, njo kazi yako. Unaiweza kunishinda."

Walitazamana. Redio zote zile zilikuwa kimya, na nje mtu alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo. Céline aliona kwamba kwenye kidole cha Shafi palikuwa na alama ya kuungua, akatamani kuuliza ni ya mwaka gani. Badala yake akasema lile alilotakiwa kusema tangu mlangoni: Jumamosi wanapanda ndege.

Shafi alikaa. Akaanza kuzipanga kadi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Kisha akalifunga sanduku na kulisukuma upande wa Céline.

"Kamata," alisema. "Yote. Kule Butembo utaendelea kuandika, na hautakuwa na muntu wa kukuambia kidole ni ya mukono gani."

"Sitaki sanduku."

"Itakusaidia."

"Shafi." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Miezi tano tunaandikiana. Ulikuwa unajua niko nani, na nyumba unaijua, redio ya papa unaileta mpaka mulangoni. Juu ya nini haukusema?"

Alijibu akitazama meza. Alisema anampenda, alisema wazi kabisa, kama mtu anayetaja ugonjwa, tangu kaye ya kwanza, ile ya machozi ya kidole. Lakini yeye ni Muislamu, fundi wa kibanda. Wanande huoana wao kwa wao, kila mtu anajua, na Papa Kambale ni mtu wa benchi la mbele kanisani. Angekataa. Kwa nini amtie Céline katika vita na baba yake kwa jambo lililokwisha kukataliwa?

Céline hakutaka kulia mbele yake. Akalifungua sanduku tena ili mikono ipate kazi. Akatafuta kadi ya kumi na nne, akaitoa. Mbele ilisema: "Mama Salumu alimnyonyesha Zuhura." Mwandiko ulikuwa wa kitoto kidogo, wa miaka kumi na minane. Akaigeuza. Kule nyuma kulikuwa na maneno yenyewe, naye akayasoma taratibu.

"Mama Salumu anasema: Nilimupa ziwa mara tatu tu, siku ile moya. Halafu maziwa yangu ilikauka, kaka yangu akaleta ya kopo."

"Soma tena," Shafi alisema.

Akasoma tena. Shafi aliichukua kadi, akaisoma mwenyewe, midomo ikicheza. Akamweleza, akijikwaa kwa maneno, kwamba kwenye chuo cha Kurani mwalimu wao aliwafundisha hesabu yake: mtoto hawi ndugu wa kunyonya mpaka anyonye mara tano, kila mara ashibe na kuachia mwenyewe. Tano. Zuhura alinyonya tatu. Kwa hivyo hawakuwa ndugu. Hawakuwahi kuwa ndugu. Miaka minane alikuwa amewaonea huruma vijana wale kwa mlango ambao haukufungwa, kwa sababu kila mara alitazama mbele ya kadi, na hata siku moja hakuigeuza.

"Niliandika miye mwenyewe," alisema. "Na mukono yangu."

Céline angeweza kucheka, na angekuwa na haki. Arusi yake ya kurasa kumi na nane ilikuwa halali, kuku kwa kuku. Lakini alikuwa anamtazama mtu huyu mwenye mamia ya kadi, na jambo lilikuwa limemjia waziwazi.

"Na papa yangu," alisema, "ile hapana yake, ulisikia mu kipindi gani?"

Shafi akanyanyua uso.

"Iko ku kadi gani? Nani alikuambia? Mulenga?"

"Hakuna muntu aliniambia."

"Basi unazania. Na ulisema kuzania ni kazi yangu."

Shafi akairudisha kadi mahali pake, akafunga sanduku, akachukua kofia yake msumarini, akaivaa, akaivua, akaivaa tena. Akauliza kama mzee yuko nyumbani saa hizi. Céline akasema yuko. Wakafunga kibanda, wakatembea bila kuongea, Shafi mbele hatua mbili kama inavyofaa, na Céline nyuma akiutazama mgongo ule na kuuogopea.

Uani kwa Papa Kambale mizigo ilikuwa imekwisha kufungwa karibu yote. Mama Céline alikuwa amepiga magoti akishona mdomo wa gunia. Mzee mwenyewe alikuwa amekalia kiti, kiti pekee kilichosalia katika nyumba ile, na kilisalia kwa sababu siku ya uporaji alikuwa amekikalia na akakataa kusimama.

"Fundi," alisema. "Redio walibeba. Hakuna kazi hapa."

Shafi alivua kofia. Céline alijua jinsi mambo haya yanavyokwenda, kwao na kwa kina Shafi pia: wazee hutangulia, maneno hupitia vinywa vya watu wengine, na kijana hubaki nyumbani akijifanya hajui. Hakuna anayekuja peke yake na kofia mkononi. Shafi alianza kwa kuomba radhi kwa hilo hilo. Alisema wazee wake watakuja kesho kama mzee atakubali waje; yeye amekuja kwanza kuuliza kama njia iko. Kisha akasema, "Papa, ninapenda mutoto wenu, Céline. Ninataka kumuoa."

Sindano ya mama ilisimama ndani ya gunia. Papa Kambale alimtazama kijana kutoka viatuni mpaka kichwani, akamtazama binti yake, akaona yote yaliyokuwa usoni pake.

"Hapana," alisema.

"Nimesikia, papa," Shafi alisema, na hakusogea.

Basi ilikuwa kweli. Céline ndiye aliyemleta mpaka hapa kuisikia hapana ile, na sasa imesikika na haitafutika. Papa Kambale alingoja kijana aondoke. Kijana hakuondoka.

"Na bado unasimama."

"Umejibu kintu yenye niliuliza, papa. Nashukuru. Sasa naomba nisikie na yenye iko nyuma yake. Juu ya nini hapana. Nataka nisikie yote, mpaka mwisho, siyo nusu."

Majuma yale yote watu walikuwa wakiingia uani mwa Papa Kambale kumweleza: kaka zake walimweleza la kufanya, majirani walimweleza walichopoteza, mchungaji alimweleza mapenzi ya Mungu. Hakuna aliyemuuliza kilichomo moyoni mwake kisha akanyamaza kusubiri. Alikuwa mtu aliyekuja mji huu na lori moja la maharagwe, akajenga maisha, na sasa anaondoka na magunia sita na kiti. Céline aliona mkono wa baba yake unapapasa goti, unapapasa, na kwa mara ya kwanza maishani aliona kwamba amezeeka. Shafi alikuwa amesimama na kofia kifuani, anasikiliza, kama alivyosikiliza miaka minane, akiwa tayari kuishika kila sauti itakayotoka. Céline alimpenda wakati ule kwa hofu, kama mtu anavyopenda kitu kikubwa kuliko yeye.

"Ni maneno murefu," Papa Kambale alisema mwishowe.

"Niko na wakati, papa."

"Maneno murefu muntu hasikilizake amesimama." Alimgeukia binti yake. "Céline. Enda kwa jirani, kwa Mama Mumba, muombe kiti."

Mama yake aliachia sindano, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Leta mbili," alisema. "Na miye niko na maneno."

Céline alikwenda mbio, kiatu kimoja kikamtoka, hata hakugeuka.